Mama Matumba na Mitufaha ya Kaka Yake

Watu wakiniuliza shangazi yangu alikuwa anafanya kazi gani, nawajibu kwamba alikuwa anaamsha miti. Wanacheka. Nawaacha wacheke, maana hata baba yangu, aliyenyonya naye ziwa moja, alicheka karibu miaka arobaini, na yeye ndiye aliyekuwa na miti ya kuamshwa.

Kazini walimwita Mama Matumba. Tumba ni kile kichwa kidogo kwenye tawi ambacho ndani yake kuna ua au jani linalongoja siku yake, na shangazi alikata matumba kwa wembe tangu ujana hadi mvi. Aliingia kwenye kituo cha utafiti wa matunda akiwa na miaka kumi na tisa, akaajiriwa kufagia. Siku moja mtu wa benchi aliugua na matawi yalikuwa yameshafika, yananyauka. Daktari, mkuu wa maabara, akaingia akamkuta mfagiaji ameketi, ufagio ameuegemeza ukutani, anamenya matumba kwa mkono usiotetemeka hata kidogo. Hakumfukuza. Alivuta kiti akakaa naye, wakamaliza pamoja. Ufagio ule alipewa mtu mwingine.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya juu na sakafu nyekundu iliyochubuka mbele ya sinki. Ilinuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nilipokuwa mdogo nilipelekwa huko wakati wa likizo, nikakatazwa kugusa kitu, nikagusa kila kitu. Tawi lilifika asubuhi likiwa limefungwa kwenye kitambaa chenye majimaji. Shangazi aliyachomoa matumba moja moja, akayamenya magamba ya nje, akayapima kwenye mizani inayocheza hata ukipumua, akayasaga kwenye kinu kidogo cha kauri, akayaloweka kwenye dawa ya kutoa mafuta. Kutoka kwenye konzi nzima ya matumba alipata mafuta yasiyotosha kupaka kidole. Hayo aliyatia kwenye mashine, na mashine ikachora vilima kwenye karatasi, kila kilima aina yake ya asidi ya mafuta. Wengine waliona mistari. Yeye aliona mti umelala namna gani.

Daktari aliwahi kunieleza jambo hilo kwa saa nzima na sikuambulia kitu. Shangazi alinieleza asubuhi moja ya baridi, jikoni kwake, kwa chupa mbili zilizokuwa dirishani. Ya mafuta ya nazi ilikuwa imeganda nyeupe, ya alizeti ilikuwa inatiririka.

"Umeona? Yote mafuta, lakini tabia mbalimbali," alisema. "Sasa kila chembe ya tumba ina ngozi yake, na ngozi hiyo ni mafuta. Kuna asidi zilizonyooka, zinapangana kama kuni kwenye mzigo, hapo hapapiti kitu. Na kuna zilizopinda. Hizo hazipangiki, zinaachiana nafasi. Mti ukipata baridi ya kutosha, unatengeneza hizo zilizopinda kwa wingi. Ngozi inalainika. Habari zinaanza kupita, ndipo tumba linajua kumekucha."

"Na baridi isipotosha?"

"Linabaki limelala, masikio yameziba. Hata jua likiwaka namna gani, halisikii."

Hiyo ndiyo elimu yote niliyo nayo ya jambo hili, na sijaona mwenye shahada aliyenipa bora zaidi.

Baba yangu alikuwa seremala. Alikuwa kaka mkubwa, na alikuwa kaka mkubwa kila siku ya juma, hata siku za mapumziko. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na mitufaha arobaini na miwili, aliyoipanda pamoja na mama mwaka waliooana. Mama alifariki nikiwa darasa la sita, na tangu hapo baba alipokuwa na jambo zito hakulisema ndani ya nyumba. Alitoka akazunguka kati ya mitufaha, akarudi ameshaamua.

Shangazi alipokuja kututembelea, baba alimpokea mlangoni kwa maneno yale yale. "Karibu, mkaanga matumba! Leo umeyatia chumvi?" Shangazi hakubaki nyuma. "Wewe unajua habari za mti uliokufa, kaka. Ukitaka za ulio hai, niulize." Wakacheka, wakala, wakatukanana kwa mapenzi mpaka jua likashuka. Lakini mimi niliosha naye vyombo, na pale kwenye sinki kicheko kilimtoka usoni kama sabuni. Aliwahi kuniambia wazi, bila kuzunguka: "Mwanangu, watafiti wanakuja kutoka mbali kuniuliza. Kaka yangu hajaniuliza hata siku moja. Natamani aniamini mara moja tu, halafu basi." Hakutaka kingine kutoka kwake. Nyumba alikuwa nayo, heshima kazini alikuwa nayo, watoto aliwalea wakawa watu. Hicho kimoja kilikuwa kimemkaa moyoni kama mwiba.

Kisha ikaja miaka miwili ya joto. Miezi ya baridi ilifika bila baridi. Mitufaha ilipukutisha majani kama kawaida, ikalala, na ilipofika wakati wa kuamka ikaamka vibaya: jani moja kwenye ncha, ua moja huku, jingine kule, matawi mengine matupu kama miguu ya meza. Mwaka wa kwanza tulichuma ndoo tatu. Mwaka wa pili hatukuchuma kitu. Majirani walianza kung'oa. Baba alikata kauli: mwaka wa tatu ukiwa hivyo, naye anang'oa. Alilisema jambo hilo mezani, ndani ya nyumba, nikajua ameshalizunguka vya kutosha huko nje.

Shangazi alikuja wiki hiyo hiyo. Hakungoja utani.

"Kaka, nipe mwaka huu mmoja. Kituoni tuna dawa, tumeijaribu misimu minane. Ni asidi za mafuta ya mimea, zinachanganywa na sabuni na maji, zinapuliziwa. Tumba lililokaribia kuamka, dawa inalimalizia."

"Na lisilokaribia?"

"Hilo ukilisukuma unaliua. Ndiyo maana lazima nipime kwanza. Unaniletea matawi, napima mafuta yake, naona yamelainika kiasi gani. Siku ikifika nitakwambia, ndipo tupulizie. Si kabla."

Baba alikubali shingo upande, kwa sharti moja, kwamba matawi ya miti yake atayakata mwenyewe kwa mkono wake. Hakutaka mtu wa kituo aje na mkasi kwenye mitufaha ya mke wake. Shangazi alimpa maagizo mara tatu, mbele yangu, akihesabu kwa vidole. Kata alfajiri. Funga kwenye kitambaa kilicholowa. Panda basi lete siku hiyo hiyo. Na usiyaweke penye baridi hata kidogo, maana tawi lililokatwa bado li hai, baridi itaendelea kulifanyia kazi, na mafuta yatageuka.

"Mimi si mtoto," baba alisema.

Mara ya kwanza alipeleka vizuri. Vilima vya asidi zilizopinda vilikuwa vifupi. "Bado zimelala fofofo," shangazi alinipigia simu kuniambia. Mara ya pili, wiki mbili baadaye, vilima vilikuwa vimeinuka kidogo. Mara ya tatu ilichelewa. Shangazi alipiga simu, baba akamwambia, "Nakuletea." Akapiga tena, akaambiwa vile vile. Kituoni kulikuwa na kazi ya kila alfajiri wakati huo, asingeweza kutoka. Akangoja, kama alivyozoea kumngoja kaka yake katika kila jambo.

Halafu asubuhi moja baba akatokea maabara na mzigo wake kwapani.

"Umekata lini, kaka?"

"Leo alfajiri. Kwani vipi?"

Alikuwa mkavu wa macho, sauti imetulia, kitambaa kibichi. Shangazi akayapokea. Alipima mara tatu, kwa sababu vilima vilikuwa vimeruka ghafla, virefu kuliko alivyotarajia. Mara zote tatu mashine ikachora kitu kile kile. Daktari akasema huenda ule upepo wa baridi uliopita wiki ile umesaidia. Shangazi akasema miti ya kaka yake imekuwa tayari mapema, na alisema kwa fahari, kama mama wa mtoto aliyetembea kabla ya wenzake.

Jumamosi alikuja na mapipa mawili na pampu ya mgongoni. Nilimsaidia kuchanganya. Dawa iligeuka nyeupe kama maziwa, ikanukia sabuni. Akapulizia mti baada ya mti, shina mpaka ncha, akiwa amejifunga kanga kiunoni na miwani ya plastiki usoni, mama wa miaka hamsini na sita anapanda ngazi kama kijana. Mitatu aliiacha bila dawa, akaifunga uzi mwekundu. Ni desturi ya maabara, lazima ubaki na kitu cha kulinganishia. Baba alisimama pembeni mikono nyuma, hakuleta utani hata mmoja. Jirani alipochungulia juu ya ua kuuliza kuna nini, baba akamjibu, nami nilisikia kwa masikio yangu:

"Ni dada yangu. Huyu ndiye mtaalamu. Mimi nimemwachia yeye."

Shangazi alikuwa nyuma ya mti, pampu inanguruma, nikadhani hakusikia. Kisha nikaona ameinua ile miwani anajifuta macho kwa nyuma ya mkono. "Dawa imeniingia," aliniambia. Dawa gani! Niliiona furaha yake kwa macho yangu, na namshukuru Mungu niliiona, maana ilidumu siku kumi na mbili tu.

Siku ya tano matumba yalianza kuvimba. Baba alinipeleka nje kunionyesha. Siku ya nane magamba yalipasuka, ndani ukaona kijani. Siku ya kumi ile kijani ikawa kahawia. Siku ya kumi na mbili ukitikisa tawi, matumba yalidondoka kama mchele. Miti thelathini na tisa ilijimwaga chini mbele ya macho yetu, na ile mitatu yenye uzi mwekundu ilikuwa imesimama vile vile, imefumba, imelala.

Shangazi alikuja mbio. Hakufika hata mlangoni. Baba alimkuta kwenye njia ya kuingilia, na sitaki kuandika yote aliyomwambia, nitaandika mawili. La kwanza: "Nilikuamini." La pili: "Umeniulia mke wangu mara ya pili." Shangazi alisimama pale na mkoba wake. Kisha akageuka akarudi kituo cha basi kwa miguu.

Angekuwa mtu mwingine angejifungia alie. Alilia, najua, lakini alilia akifanya kazi. Alikuwa amevunja vijitawi kwenye ile miti mitatu siku ile ile, alipopita pembeni ya shamba akitoka, akavipeleka maabara vikiwa bado na joto la jua. Vilima vilikuwa vifupi. Miti ile ilikuwa mbali sana na kuamka, na haiwezekani miti ya shamba moja, mbegu moja, umri mmoja, mitatu iwe usingizini na iliyobaki iwe macho. Kwa hiyo matawi yale ya baba hayakusema ukweli. Alilala na neno hilo, akaamka nalo, na siku ya tatu akaja nyumbani kwetu saa ambayo alijua baba yuko karakana.

Alinikuta jikoni nasahihisha madaftari ya wanafunzi. Hakunisalimia. Alifungua friji, akainama, akaangalia rafu moja moja. Nyuma ya chombo cha maziwa, kwenye ukuta wa ndani, palikuwa na gamba moja dogo la kahawia limeganda. Akalibandua kwa ukucha.

"Mwanangu, matawi yalikaa humu?"

Yalikaa, ndiyo. Niliyaona kila siku. Kila nilipotoa maziwa niliusogeza ule mzigo wa kitambaa kibichi, nikautoa njiani, nikaurudisha. Wiki tatu nzima niliusogeza. Nilidhani ni utaratibu wao. Nami nilikuwapo maagizo yanatolewa, nimekaa kwenye meza hiyo hiyo, naye anahesabu kwa vidole! Baba aliyakata alfajiri kama alivyoagizwa, akaona basi limempita, akayaweka penye ubaridi yasiharibike, kama ambavyo mtu yeyote angeweka nyama. Kisha akayasahau. Na wiki tatu baadaye alipofungua friji akayaona, hakukumbuka kwamba aliyasahau. Kwake yeye alikuwa ameyakata alfajiri hiyo.

"Wiki tatu, shangazi," nilisema.

Alikaa kitini taratibu, akashika tama. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Chumvi kwenye chai," alisema. "Wiki iliyopita ulinipigia simu ukacheka, baba katia chumvi kwenye chai."

"Ndiyo."

"Na funguo za karakana."

"Mara mbili zilikutwa kwenye kiatu."

Tukatazamana. Babu yangu, baba yao, alimaliza siku zake akiwa amefungiwa mlango ili asipotee barabarani, akimwita mkewe kwa jina la mama yake. Baba ndiye aliyemwogesha miaka mitatu. Siku ya mazishi alitushika mimi na shangazi mikono, akasema, "Ikinijia kama ilivyomjia baba, mimi nisijue. Mtu yeyote asiniambie. Nawaomba." Aliomba mara moja, na baba hakuwa mtu wa kuomba.

"Lakini lazima ajue kwamba si wewe," nilimwambia shangazi. "Anakutukana hadi karakana, wateja wanasikia."

"Nikimwambia si mimi, atauliza ni nani. Tutamjibu nini?"

"Tumwambie alisahau tu. Watu wanasahau."

"Wiki tatu, mwanangu? Halafu anaapa amekata leo? Kaka yangu si mjinga. Atajua palepale kimemfika nini." Alilifunga lile gamba kwenye leso, akalitia mkobani kama ushahidi unaokwenda kufukiwa. "Miti itapandwa mingine. Mwache anichukie. Akiwa na hasira na mimi, hana muda wa kujiogopa."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Niliujua msemo huo tangu shuleni, na nilikula yamini ya kutomwambia hata hivyo, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wake. Nilikuwa mwoga, niseme ukweli. Ilikuwa rahisi kwangu. Yeye ndiye aliyefukuzwa, mimi niliendelea kumpikia baba.

Jioni ile shangazi alimpigia simu kaka yake. Nilimsikia kwa sababu baba aliiweka simu mbali na sikio. "Kaka, makosa ni yangu. Nilisoma vilima vibaya." Baba akakata simu. Huyo mwanamke hakuwahi kusoma kilima vibaya maisha yake yote.

Baba aliiangusha mitufaha yote arobaini na miwili kwa msumeno wake mwenyewe, pamoja na ile mitatu iliyolala. Hakuuza mbao wala kuni. Na jina la dada yake likawa haramu nyumbani kwetu. Shangazi alistaafu, wakammwagia sifa kwenye ukumbi wa kituo, Daktari akasoma hotuba. Kiti cha kaka wa mwenye sherehe kilikuwa kitupu, na shangazi mwenyewe alikuwa amekiwekea kitambaa ili mtu mwingine asikikalie.

Miaka minne ikapita hivyo. Maradhi hayakuwa na haraka wala hayakuwa na huruma. Yalianza na majina ya vifaa. Baba alisimama mbele ya randa na patasi, akaziita "hiki" na "kile". Kisha yakachukua njia ya kwenda dukani. Kisha yakachukua kifo cha mama, aliniuliza mbona haji kula, nami mara ya kwanza nilimwambia ukweli, nikamwona anafiwa upya, sikurudia tena. Kisha nikafutika mimi. Asubuhi moja alinishukuru kwa chai akaniuliza natokea familia gani.

Lakini hasira ile haikwenda popote. Niliwauliza waganga wa hospitali, wakasema ndivyo ilivyo, vingine vinafutika na vingine vinabaki. Nilitaka kumshika mtu shingoni. Katika vyote alivyokuwa navyo, mke, ufundi, mtoto, kitu kilichobakishwa kilikuwa hicho! "Nilikuwa na dada," alimwambia kila aliyeingia. "Aliniulia miti." Alisahau ilikuwa miti gani, akasahau iliota wapi. Aliyeiua hakumsahau.

Nilipochoka hadi nikaanguka jikoni, nilimpigia shangazi simu. Nilimwambia, "Njoo. Hatakujua." Hayo ndiyo maneno niliyotumia kumkaribisha nyumbani kwa kaka yake.

Alikuja asubuhi iliyofuata na begi moja. Baba alimtazama mwanamke mnene mwenye mvi amesimama mlangoni, akamwita sista, akidhani ni muuguzi. Shangazi akasema, "Shikamoo, mzee," sauti ikampasuka katikati. Kuanzia siku hiyo alikaa naye. Alimkata kucha, alimnyoa, alimlisha uji kijiko kwa kijiko. Baba alimpenda. Aliniambia nisimwache sista huyu aondoke, ana mkono mwepesi, hatetemeki. Na kila siku, uji ukiwa nusu, alimshtakia. "Nilikuwa na dada, sista. Aliniulia miti." Na shangazi alijibu kila siku, "Pole sana, mzee. Meza kwanza."

Nilivumilia miezi miwili. Siku moja mchana, jua limejaa chumbani, natandika kitanda, baba akaongeza neno jipya. Alisema, "Alinionea wivu. Alifanya makusudi." Kijiko cha shangazi kilisimama hewani. Nami, niliyekula yamini, nikasahau yamini.

"Baba, si yeye! Ni wewe! Uliyaweka matawi kwenye friji wiki tatu, ukampelekea ukamwambia umekata leo! Alipima ulichompa! Alipima sawasawa!"

Shangazi aliniambia nyamaza. Sikunyamaza mpaka nilipomaliza. Baba alinigeukia, na sijui nguvu ilitoka wapi, lakini nakwambia macho yake yalirudi. Yalikuwa ya seremala anayepima ubao.

"Wiki tatu?" aliuliza.

"Wiki tatu, baba."

"Kwenye baridi." Alitikisa kichwa polepole. "Basi yalilainikia humo. Matawi yaliamka, miti ilikuwa imelala." "Na mimi nilimwambia maneno yale."

Akalia. Sikuwahi kumwona baba akilia, hata kaburini kwa mama. Alilia kwa sauti, mikono imelala magotini kama si yake. "Mwiteni," alisema. "Mwiteni dada yangu. Nataka kumwomba radhi."

Shangazi aliweka bakuli chini, akapiga magoti mbele yake, akamshika uso kwa mikono miwili. "Kaka, mimi hapa. Ni mimi."

Baba alimwangalia kwa upole. "Sista, usinitanie kwa jambo hili. Dada yangu ni msichana mwembamba, juzi tu ameanza kazi. Tafadhali mwiteni."

Nilidhani shangazi atabishana, atataja majina ya wazazi wao, atamwonyesha kovu, atafanya chochote. Hakufanya.

"Sawa, mzee," alisema. "Nitamwita. Nimwambie nini?"

"Mwambie alipima sawasawa. Mwambie kaka yake anasema mkono wake hauna kosa, na kwamba nilimwamini, na nilifanya vizuri kumwamini." Akafikiri. "Utakumbuka?"

"Nitakumbuka."

"Maana mimi nasahau siku hizi," baba alisema.

Alimaliza uji. Akalala kidogo. Alipoamka aliomba chai, akanywa nusu, akamgeukia shangazi na uso ule wa siku zote, akamwambia kwamba yeye alikuwa na dada, aliyemwulia miti.

Kesho yake nilisimama kwenye korido nimejiandaa. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha. Nilijisemea kwamba nitamwambia tena, na kesho kutwa tena, kila siku kama dawa, kila siku aombe radhi, siku moja atamtambua. Shangazi alinikuta mlangoni na beseni la maji ya moto na taulo begani. Alijua ninachotaka kabla sijafungua mdomo.

"Usimlize tena," aliniambia. "Jana aliniomba radhi. Mara moja inanitosha."

"Lakini hajui kwamba amekuomba!"

"Mimi najua." Alirekebisha beseni mikononi. "Nipishe, mwanangu, maji yanapoa."

Nikampisha. Nilimsikia akiweka beseni sakafuni, akimsaidia baba kuvua shati. Kisha sauti ya baba ikaja, ya kirafiki kabisa:

"Sista, wewe unamjua dada yangu?"

"Simjui, mzee," shangazi alijibu. "Nieleze habari zake."